Kidole Kilichochelewa

Mwalimu alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, mkononi ana karatasi ya vidonge vya presha, aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka ng'ambo ya barabara. Si sauti aliyonayo leo, iliyokwaruzwa na vumbi la chaki. Ilikuwa sauti yake ya miaka ishirini na tisa, kavu, ya haraka haraka, nayo ilikuwa inatoa amri: "Usitazame vidole!" Ngoma ikadunda. Kengele ndogo ikalia, kling! Kisha tena: "Usitazame vidole!"

Aligeuka kama mtu aliyeitwa. Mbele ya duka la simu palikuwa na spika kubwa kama kabati, na wauzaji wawili walikuwa wanacheza huku wanapanga maboksi.

"Mama, zamu yako," muuza dawa akamwambia.

"Huo wimbo ni wa nani?"

"Huujui? Mama, hata paka wetu anaujua."

Mwalimu akachukua vidonge vyake, akasahau chenji, akarudishwa kwa kelele. Njiani hadi nyumbani aliusikia tena mara nne: kwa kinyozi, kwenye gari lililokuwa linaoshwa, kwenye simu ya mwanamke aliyekuwa anaanika nguo, na mara ya nne kichwani mwake mwenyewe.

Huyu mwanamke alifundisha kupiga chapa kwa miaka ishirini na mitatu, katika chuo cha uhazili kilichokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Darasa lilikuwa na mashine thelathini na mbili za chuma. Kila mwanafunzi alifungiwa kitambaa cheusi kuanzia shingoni hadi ukingo wa meza, mikono ikafichwa chini yake, ili asipate hata nafasi ya kuchungulia herufi. Mwalimu alipita katikati ya safu na rula yake akisema maneno yaleyale matatu: mgongo wima, hesabu kimoyomoyo, usitazame vidole. Wanafunzi wakamwita Mgongo Wima. Alijua, akajifanya hajui. Kompyuta zilipoingia chuo kikafungwa, mashine zikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na yeye akaondoka na moja tu, ambayo mpaka leo inakaa juu ya stuli chumbani kwake, imefunikwa shuka.

Wiki moja baada ya ile foleni, aliyeutengeneza wimbo akamfikia mlangoni. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye kofia na adabu nyingi, na kila mtu alimwita Prodyuza, hata mama yake mzazi. Alikuwa amebeba kanda ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba yai. Juu ya kasha, kwa herufi za mashine, palikuwa na jina la chuo na maneno: Zoezi la Kwanza, Safu ya Nyumbani, yaani safu ya herufi ambako vidole hupumzikia. Chini yake: Sauti na chapa, likafuata jina la Mwalimu.

"Nimekutafuta kwa jina hili miezi mitatu, Mama," alisema. "Nimeenda hadi kwa majirani wa dada wa mhasibu wa chuo."

Akaeleza, huku chai inapoa. Kanda aliinunua sokoni, ndani ya boksi la vitu vya mtu aliyehama. Mwenyewe alikuwa anatafuta gitaa. Upande wa pili wa kanda, mtu alikuwa amerekodi bendi ya harusi fulani, na Prodyuza aliambiwa kwamba mle mna gitaa tamu. Lakini aliitia kanda kinyume. Badala ya gitaa, ikatoka sauti ya mwanamke akikohoa, ehem, kisha akisema usitazame vidole, kisha mashine ikaanza kupiga: ta-ta-ta-ta, kling.

"Niliacha mkono hewani, sikuizima," alisema. "Nikaikata ile sauti ya mashine, nikaiweka mahali ambapo wengine wanaweka matoazi. Kengele nikaiacha mwisho wa mstari, palepale ulipoiweka wewe. Gitaa nalo nikalipata baadaye, noti tatu tu. Kile kikohozi chako ndicho kinachomfungulia msanii mlango. Anaingia, anawaambia watu waache simu zao, wacheze. Basi. Hatukuongeza kitu kingine."

"Mmetia hadi kikohozi changu?"

"Mama, kikohozi hicho watu wanakishangilia."

Mwalimu akacheka hadi akashika kifua. Prodyuza alitaka kufanya mambo kwa haki: jina lake liandikwe kwenye wimbo, aalikwe redioni, asimulie. Na Mwalimu, aliyekuwa na miaka kumi bila kuulizwa chochote na mtu yeyote zaidi ya namba ya kadi yake kliniki, akakubali.

Redioni mtangazaji alimkaribisha kwa vigelegele vilivyorekodiwa. Akamuuliza habari za chuo, za vitambaa vyeusi, za rula. Mwishoni akauliza, kwa mzaha tu: "Na vile vidole tunavyovisikia, Mwalimu, ni vyako hivyohivyo?"

Palikuwa na kimya kidogo, cha kumeza mate.

"Ni vyangu," Mwalimu akasema.

Havikuwa vyake.

Vilikuwa vya mdogo wake wa kike. Miaka thelathini na saba iliyopita, Mkuu wa chuo alitaka kanda ya kuwapelekea wanafunzi wa mbali, na Mwalimu ndiye aliyechaguliwa kusema. Lakini huwezi kuhesabu kwa sauti, kutoa maelekezo, na kupiga chapa bila kukosea, vyote kwa pamoja. Alihitaji mpigaji. Mdogo wake, aliyekuwa na miaka ishirini na mitano, ndiye aliyekuwa mwanafunzi mwenye kasi kuliko wote, na ilimlazimu kuwa hivyo, maana alikuwa na vidole tisa tu vya kuaminika. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kigumu kama kijiti tangu utotoni, kilipobanwa na mlango. Mlango huo aliufunga Mwalimu mwenyewe, siku ambayo wawili hao walikuwa wanagombania nani aingie kwanza chumbani.

Kwenye mashine, kidole hicho ndicho chenye herufi A. Na lugha hii yetu haiendi hatua mbili bila A. Mpigaji mwenye kidole hicho kigumu huurusha mkono wote kidogo upande ili kifike, na kwa hiyo kila A huchelewa, kwa kiasi cha kope kufumba. Mstari wa zoezi ulikuwa: dada akaa, kaka alala, dada akaa, kaka alala. Hesabu mwenyewe zimo A ngapi.

Walirekodi stoo, kati ya maboksi ya karatasi, wameziba dirisha kwa magodoro. Mara moja tu, maana fundi wa kinasa sauti alikuwa na safari. Mkuu aliposikiliza akakunja uso. "Nani huyu anayechechemea?"

"Ni mimi," Mwalimu akajibu haraka. "Kidole kiliniteleza."

Alisema hivyo ili kumkinga mdogo wake, na kwa siku mbili tatu hilo lilikuwa kweli. Kisha makasha yakarudi kutoka kiwanda cha uchapaji yakiwa na jina moja, lake, na akayatazama, akayapenda. Alijiambia atamweleza Mkuu wiki ijayo.

Mdogo wake alikuwa ameahidiwa jina kwenye kasha. Alienda kwenye usaili wa kazi, katika ofisi kubwa iliyotafuta wapiga chapa sita. Wakamuuliza ana uzoefu gani. Akasema: ile kanda ya chuo, mpigaji ni mimi. Mmoja wa wasaili akafungua droo, akatoa kanda hiyohiyo, akasoma kasha kwa sauti. Kisha wakatazama kidole chake. Hawakumtukana. Walicheka kidogo tu, wakamwambia asante, mwambie anayefuata aingie.

Tangu siku hiyo ndugu hao walikuwa wanasalimiana kwenye misiba. Shikamoo, Dada. Marahaba. Basi, kila mtu akatafuta kiti cha upande wake.

Sasa turudi kwa Prodyuza. Msanii alikuwa amealikwa kwenye onyesho kubwa la uwanjani, na kwa ajili ya jukwaa walitaka wimbo mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba kwenye kanda Mwalimu alikuwa akiongea juu ya mashine karibu muda wote. Sehemu safi, ya mashine peke yake, ilikuwa ya sekunde nne. Sekunde nne hizo ndizo zilizozungushwa wimbo mzima. Akamwomba Mwalimu aje studio apige upya, dakika tatu.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la kuziba pancha, chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai, zulia sakafuni na hata mlangoni. Mashine ya Mwalimu ikawekwa mezani, ikapanguswa vumbi, ikawekewa vipaza sauti viwili kama mgonjwa anayepimwa. Mwalimu akanyoosha mgongo. Akapiga dakika tatu bila kosa hata moja. Akainua mikono, akasubiri sifa.

Prodyuza alikuwa ameanza kwa kutikisa kichwa kufuata mdundo. Sasa kichwa kilikuwa kimetulia.

"Mama, umepiga vizuri mno."

"Vizuri mno ni ugonjwa gani huo?"

"Sikiliza." Akacheza alichopiga, chini yake akaweka ngoma. Ilikuwa sawasawa, kama bomba linalodondosha maji. Kisha akacheza sekunde nne za zamani. Mguu wa Mwalimu mwenyewe ukataka kucheza.

"Unasikia? Kuna kitu hapa kinachelewa. Kinachelewa, halafu kinafika. Watu wanacheza ndani ya kule kuchelewa, Mama. Jaribu kuchelewesha."

Akajaribu. Akachelewesha kwa makusudi, ikasikika kama mtu mzima anayeigiza mlevi. Akajaribu tena, akapotea hesabu. Prodyuza akafungua mchoro wa sauti kwenye skrini, milima midogo midogo, akaonyesha kwa kalamu: hapa, hapa, hapa. "Ni palepale kila mara. Ni herufi moja. Nadhani mashine ilikuwa mbovu siku ile, sivyo? Herufi moja ilikuwa inanata?"

Huo ulikuwa mlango wazi kabisa. Ilibaki aseme ndiyo tu. Prodyuza angetafuta namna ya kuifanya herufi moja inate, wimbo ungeenda uwanjani, na kwenye orodha ya wahusika jina lake lingesimama peke yake, kama kwenye kasha. Mwalimu alitazama vile vilima kwenye skrini. Vilikuwa vinachelewa kwa namna anayoijua, kama mtu unayemtambua kwa mwendo kabla hujaona sura.

"Mashine ilikuwa nzima," alisema. "Wewe mtu mzuri, nilikudanganya. Aliyepiga si mimi."

"Ni nani?"

"Ngoja nikamwombe. Anaweza kunifukuza."

Mdogo wake alikuwa na duka la fotokopi karibu na mahakama, upana wake kama kitanda. Ndani: mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja, feni moja, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja ulikazwa kwa waya. Watu walipanga foleni hadi nje, maana alikuwa haandiki tu barua; alikuwa anaizuia barua ya mtu isimharibie. "Hapa umesema 'nakuamuru'. Mpangaji hamwamuru mwenye nyumba, baba. Tuweke 'naomba'." Alipiga bila kutazama, kwa vidole tisa na kijiti.

Mwalimu akapanga foleni kama wengine. Mbele yake alikuwa mzee mwenye bahasha ya kaki, nyuma yake mwanamke mwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kutoka ndani ilikuwa inasikika ile sauti, sasa kwa vitufe vya plastiki, nyepesi, lakini ileile: tik-tik-tik, tik.

"Anayefuata."

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha waya. Mdogo wake hakuinua macho mara moja.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

"Amekufa nani?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuandikiwa barua."

"Wewe? Mwalimu wa taipu?" Akamgeukia mwanamke mwenye cheti. "Umeona, mama? Samaki amekuja kuomba maji." Mwanamke akacheka bila kujua anacheka nini. "Haya. Barua ya kwenda kwa nani?"

"Kwa mtengenezaji wa wimbo ule."

"Ninaujua. Umewekwa na muuza soda hapo nje kutwa nzima. Hata na wewe nilikusikia redioni. Ulikuwa na kimya kizuri sana kabla ya kujibu." Akaweka mikono juu ya vitufe. "Sema."

Mwalimu akasafisha koo, ehem, na mzee wa bahasha ya kaki, ambaye alikuwa bado mlangoni anahesabu kurasa zake, akageuka ghafla kama aliyesikia kitu anachokifahamu.

"Ndugu Prodyuza," Mwalimu akaanza. "Kuhusu kanda ya Zoezi la Kwanza. Napenda kukufahamisha kwamba kazi ile tuliifanya kwa kusaidiana..."

Vitufe vikanyamaza. Mikono ya mdogo wake ilikuwa imeinuka, imesimama hewani, sentimita mbili juu ya herufi.

"Mbona huandiki?"

"Mteja akisema kitu kitakachomharibia, siandiki. Ni utaratibu wa duka. Kusaidiana ni neno la kujifichia. Anza upya."

"Napenda kukufahamisha kwamba aliyepiga chapa katika kanda ile..." Mwalimu akasita. Feni ikazunguka. "...alikuwa mdogo wangu."

Mikono bado hewani. "Mdogo wako ana jina. Huko maofisini hawaajiri 'mdogo wangu'."

Mwalimu akayataja majina yote matatu, la kwake, la baba yao na la babu yao, kama yanavyoitwa darasani. Mikono ikashuka. Tik-tik-tik, tik. Tik-tik, tik.

"Endelea."

"Mkuu wa chuo alipouliza, nilisema ni mimi. Nilidhani namkinga. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuliona jina langu. Kwa kunyamaza kwangu alikosa kazi. Redioni pia nilisema uongo. Herufi inayochelewa inachelewa kwa sababu ya kidole chake, na kidole kile..."

"Hilo la kidole acha," mdogo wake akasema, bila kuacha kupiga. "Hilo halimhusu Prodyuza."

"Linanihusu mimi."

"Basi niambie mimi, usimwambie kompyuta. Aya mpya."

Mwanamke mwenye cheti alikuwa ameacha kujipepea. Mzee alikuwa ameshamaliza kuhesabu kurasa na ameanza kuzihesabu tena.

"Ninaomba jina lake liandikwe," Mwalimu akamaliza, "na la kwangu libaki kwenye sauti tu. Wako mtiifu."

Karatasi ikatoka moto. Mdogo wake akaisoma kuanzia juu hadi chini, akaongeza mkato mmoja kwa kalamu, akaisukuma mezani. "Sahihi yako hapa. Tarehe hapa." Alipoipata, akatoa nakala, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya droo yake, si ndani ya faili la wateja. Akaifunga droo kwa ufunguo.

"Yule kijana anataka upige tena," Mwalimu akasema. "Dakika tatu. Kwa mashine yenyewe. Alijaribu kwangu, ikashindikana."

"Umeshindwa wewe?"

"Nimepiga vizuri mno, eti."

Hapo mdogo wake akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha puani, alichokuwa nacho tangu akiwa na miaka minane. "Jumamosi nafunga saa saba," akasema. "Anayefuata!"

Jumamosi saa nane Prodyuza alimkuta mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba akirekebisha urefu wa kiti cha studio, huku Mwalimu ameshika mto. Walikuwa wanabishana.

"Kaa mbele kidogo."

"Dada, nimekaa."

"Mgongo..."

"Ukisema wima naondoka."

Prodyuza akabonyeza kitufe cha kurekodi, akainua kidole gumba. Mwanamke yule akaweka mikono kwenye chuma ambacho hakuwa amekigusa kwa miaka thelathini na saba. Dada akaa, kaka alala. Mstari wa kwanza ulikuwa mzito, wa pili ukalainika, na katika mstari wa tatu Prodyuza akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akafumba macho, kichwa kinakwenda. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mahali pake pa zamani. Alitakiwa aseme maneno yake baada ya kila mistari minane. Mara ya kwanza alikosa zamu. Alikuwa anatazama vidole.

Wimbo mrefu ulipotoka, majina kwenye orodha yalikuwa ya msanii, ya Prodyuza, kisha mstari wa chapa, kisha mstari wa sauti. Mtangazaji wa redio aliyasoma yote, na la mpigaji alilikosea kidogo. Kesho yake mwenye jina akapiga simu stesheni na kumrekebisha hadi akalisema sawa hewani.

Jumamosi ileile ya kurekodi, walipomaliza, wawili hao waliibeba mashine hadi barabarani, kila mmoja upande wake. Ilikuwa nzito kuliko walivyoikumbuka. Mbele ya duka la pancha wakaitua wapumzike, Mwalimu akautazama mkono wa kushoto wa mwenzake ulioshika ukingo wa chuma, kidole kimoja kimesimama nje.

"Nilikuona umeweka mkono mlangoni," alisema. "Siku ile. Nilikuona, nikafunga."

Mdogo wake alipangusa vumbi la mashine kwenye sketi yake.

"Najua. Nilikuwa nakutazama usoni."

Magari yakapita. Fundi wa pancha akawauliza kama wanataka msaada, wakasema hapana, kwa pamoja.

"Kinauma?" Mwalimu akauliza.

"Asubuhi, kukiwa na baridi. Shika vizuri upande wako, Dada, usije ukaniangushia mguuni."

Wakainama, wakahesabu hadi tatu, wakainua.